Kwa nini jua halipatwi kila mwezi? Na 2 Agosti 2027 Arusha na Moshi tutaona nini?

mwl_sayansi (Moshi)

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada kwa wanaoijua vizuri elimu ya anga. Darasani tunafundisha kwamba jua hupatwa pale mwezi unapopita katikati ya jua na dunia. Watoto wanaelewa, kisha wanauliza swali ambalo kitabu hakina jibu lake: kama mwezi unarudi upande wa jua kila baada ya siku 29 na nusu, mbona jua halipatwi kila mwezi? Ukiufuata mchoro wa kitabuni, jua, mwezi na dunia vimepangwa mstari mmoja na hakuna namna ya kukwepa.

La pili. Tarehe 1 Septemba 2016 kule Rujewa, Mbarali, jua liligeuka pete, na huku kaskazini likaonekana limemegwa tu. Kwa nini pete na si giza kamili? Na kwa nini kule na si huku?

La tatu ni hii habari ya jua kupatwa 2 Agosti 2027. Sisi wa Arusha na Moshi tutaona nini, na shule isiyo na miwani maalumu ifanye nini watoto waone bila kuumia macho? Wazazi wengi wanasema kulitazama jua kwenye beseni la maji kunatosha.

Anga_Kaskazini (Arusha)

Salaam mwalimu. Watoto wana haki kuuliza, tatizo liko kwenye mchoro. Karatasi ni ndogo na ni bapa, kwa hiyo mchoraji anausogeza mwezi karibu mno na dunia, halafu anaweka kila kitu usawa mmoja. Rekebisha hayo mawili, watajijibu wenyewe.

Nenda nao uwanjani. Kila sentimita 1 iwe kilomita 1,000. Dunia ina kipenyo cha kilomita 12,742, kwa hiyo tafuta balungi au mpira wa matambara wa karibu sentimita 13. Mwezi ni kilomita 3,474, na ndimu ya sentimita 3 na nusu inatosha kabisa. Umbali wa mwezi kwa wastani ni kilomita 384,400, kwa hiyo ndimu inakaa mita 3 na sentimita 84 kutoka kwenye balungi. Waache kwanza waiweke wanapofikiri panafaa kabla hujapima kwa futi kamba. Wengi wataiweka karibu mno. Jua kwa kipimo hicho lina upana wa karibu mita 14 na liko kilomita 1 na nusu kutoka mlipo. Waonyeshe ghorofa iliyo umbali kama huo, inatosha.

Sasa kiini cha swali. Njia ya mwezi kuizunguka dunia imeinama nyuzi 5.1 kutoka kwenye bapa ambalo dunia inazungukia jua. Nyuzi 5 zinasikika kama si kitu. Lakini kwa umbali wa mita 3.84 ni sentimita 34. Nusu ya safari ndimu inapanda hadi sentimita 34 juu ya usawa wa kitovu cha balungi, nusu ya pili inashuka hadi sentimita 34 chini yake, na balungi lenyewe toka kitovu hadi ganda ni sentimita 6.4 tu. Miezi mingi kivuli cha mwezi kinapita juu ya ncha ya kaskazini ya dunia au chini ya ile ya kusini, kinapotelea angani bila kugusa mtu.

Ili kivuli kiguse dunia, ndimu iwe ndani ya sentimita 10 hivi juu au chini ya usawa: 6.4 za nusu kipenyo cha dunia, jumlisha kama 3.5 za nusu upana wa kivuli hafifu, yaani kile cha pembeni ambamo jua linaonekana limemegwa tu. Mwezi unaingia kwenye ukanda huo unapokaribia moja ya sehemu mbili ambapo njia yake inalikata lile bapa. Tuziite makutano. Mwanafunzi mwerevu atakuuliza: si mwezi unavuka makutano hayo kila mzunguko? Ndiyo, unavuka, lakini mara nyingi unavuka ukiwa pembeni, wakati tunauona nusu au robo tatu. Kupatwa kwa jua kunataka mambo mawili yagongane kwa wakati mmoja: mwezi uwe upande wa jua, na papo hapo uwe karibu na makutano.

Mstari unaounganisha makutano hayo mawili unabaki umeelekea karibu upande ule ule wa anga huku dunia ikizunguka jua. Kwa hiyo unalilenga jua mara mbili kwa mwaka, kila baada ya siku 173 hivi. Hayo ndiyo majira ya kupatwa. Kila majira yana urefu wa takriban siku 35. Na kwa kuwa mwezi unarudi upande wa jua kila siku 29.5, hauwezi kuyaruka majira yote. Lazima jua lipatwe angalau mara moja mahali fulani duniani. Ndiyo sababu mwaka hauwezi kuwa na chini ya mara 2. Upeo wake ni 5, ila miaka ya namna hiyo ni adimu sana.

Kuhusu kuliendesha zoezi: ichomeke ndimu kwenye fito, na fito uitie alama tano, moja ya usawa, mbili za sentimita 34 juu na chini, na mbili za sentimita 10 kwa rangi tofauti. Kinachoharibu zoezi ni mbeba ndimu kutembea duara bila kupandisha na kushusha fito. Mpe msaidizi wa kumsomea alama: robo ya kwanza ya duara anapanda, robo ya pili anarudi usawa, ya tatu anashuka, ya nne anarudi. Kisha rudieni duara lile lile jua likiwa upande tofauti. Mara "jua" likiwa upande wa makutano, kivuli kinagusa balungi. Likiwa robo duara kutoka hapo, kinapita mbali.

fundi_lenzi

Nichukue la pete, maana mkuu hapo juu kalimaliza la kwanza.

Kivuli cha mwezi kina sehemu mbili. Katikati kuna kivuli kizito kinachochongoka kuelekea duniani. Kukizunguka kuna kivuli hafifu ambacho kinatanuka kadiri kinavyokwenda. Aliye ndani ya kizito halioni jua kabisa, aliye ndani ya hafifu analiona limemegwa. Suala ni je, ncha ya kile kizito inafika ardhini au inaishia angani?

Hesabu yake ni ya pembetatu zinazofanana, mwanafunzi wa sekondari anaiweza. Kipenyo cha jua ni kilomita 1,392,000, cha mwezi ni 3,474. Gawanya, jua ni kubwa mara 400.7. Wakati wa kupatwa, umbali kutoka jua hadi mwezi kwa wastani ni kilomita milioni 149.2. Gawanya hiyo kwa 399.7, yaani 400.7 toa 1, unapata kama kilomita 373,000. Huo ndio urefu wa kivuli kizito. Sasa mwezi uko kilomita 384,400 kutoka kitovu cha dunia; ukitoa nusu kipenyo cha dunia, kilomita 6,371, uso wa ardhi ulio karibu kabisa na mwezi uko kilomita 378,000. Kivuli kimepungukiwa kilomita 5,000. Kwa wastani, basi, ncha haifiki chini. Aliye chini ya ncha hiyo anaona mwezi mdogo kuliko jua, na ukingo wa jua unabaki ukiwaka pande zote. Watu wa Rujewa waliona hivyo.

Kinachookoa giza kamili ni kwamba njia ya mwezi si duara. Kuna wakati unasogea hadi kilomita 357,000 hivi, na kuna wakati unakwenda hadi 406,000. Ukiwa karibu, kivuli kinafika na kubaki. Umbali wa jua nao una mchango, ingawa mdogo: mwanzoni mwa Januari dunia iko kilomita milioni 147.1 kutoka kwenye jua, mwanzoni mwa Julai ni milioni 152.1. Rudia ile hesabu kwa umbali wa Julai utaona kivuli kinarefuka hadi karibu kilomita 380,000. Agosti 2027 bahati zote mbili zinakutana, mwezi u karibu nasi, jua nalo bado li mbali, ndiyo maana karibu na Luxor, Misri, giza litadumu dakika 6 na sekunde 23. Kikomo cha giza lolote lile ni kama dakika 7 na nusu, kwa hiyo hilo la Misri ni refu sana.

Kuna na aina ya tatu ambayo wengi hawaijui. Tarehe 3 Novemba 2013 kivuli kilipita Gabon, Kongo, kaskazini mwa Uganda hadi Turkana. Siku hiyo ncha ilikuwa karibu sawasawa na uso wa dunia. Mwanzoni kabisa mwa njia, pale dunia inapojikunja kwenda mbali na mwezi, haikufika na ikawa pete. Kwingine ilifika na likawa giza kamili. Tukio moja, aina mbili.

Kwa nini Rujewa na si Arusha? Ule ukanda wa pete ulikuwa na upana wa kama kilomita 100. Kutoka Rujewa hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 600 kwa mstari ulionyooka. Kivuli hafifu kina upana wa kilomita elfu kadhaa, ndiyo maana nasi tulipata kipande. Hakuna mji wenye upendeleo. Kila mara ukanda unaangukia pengine, kwa sababu dunia inajizungusha chini ya kivuli huku kivuli nacho kikikimbia. Mwezi unakwenda kama kilomita 3,700 kwa saa kuelekea mashariki, na ardhi ya huku karibu na ikweta inakwenda upande huo huo kilomita 1,670 kwa saa. Jua likiwa utosini, kivuli kinatupita kwa tofauti ya hizo mbili, kama kilomita 2,000 kwa saa.

kijana_Sakina

Aisee mkuu, nimeelewa kuliko nilivyoelewa shuleni. Kwa hiyo kuna ratiba kabisa? Ikitokea leo, tunajua itarudi lini?

Anga_Kaskazini (Arusha)

Ratiba ipo, ndugu yangu. Angalia 2027 yenyewe: jua linapatwa 6 Februari, pete ikipita Chile, Argentina na kuja hadi Ghana na Nigeria, halafu 2 Agosti. Hesabu siku: 177. Hiyo ni miezi sita ya mwandamo, 29.53 mara 6. Nusu mwaka mwingine, majira mengine. Na majira hayakai tarehe moja: mwaka 2016 yalikuwa Machi na Septemba, 2028 yatakuwa Januari na Julai. Makutano yenyewe yanazunguka polepole kinyumenyume, mzunguko mmoja kwa miaka 18.6.

Kurudi kwenyewe kuna mzunguko wa miaka 18, siku 11 na saa 8. Baada ya muda huo mwezi unarudi upande wa jua, kwenye makutano yale yale, na kwa umbali karibu ule ule, kwa hiyo tukio linafanana na lililopita. Lakini zile saa 8 zinaifanya dunia izunguke theluthi moja zaidi, na kivuli kinaangukia theluthi ya dunia upande wa magharibi. Pete ya Rujewa ya 1 Septemba 2016 inarudi 12 Septemba 2034, ila itapita Amerika ya Kusini. Kwa hiyo anayesubiri mahali pamoja miaka 18 hapati kitu.

Iliyo karibu kwetu ni ya 21 Mei 2031. Asubuhi ya siku hiyo pete itapita Angola, Zambia na kusini mwa Tanzania kabla ya kuvuka bahari kwenda India. Anayetaka kuona pete asafiri kusini siku hiyo.

Neno moja kwa ndugu Waislamu, kwa sababu huulizwa: jua hupatwa mwishoni mwa mwezi wa mwandamo, wakati mwezi umejificha kwenye mwanga wa jua. Likipatwa mchana wa leo, jioni ya leo mwezi una umri wa saa chache tu na uko karibu mno na jua, hilali haionekani. Tegemeeni kesho yake jioni au baada ya hapo.

Nuru_ya_Macho (Moshi)

Mwalimu, nimejiunga kwa ajili ya lile beseni tu. Tafadhali lisitumike, na naomba uwaeleze wazazi kwa namba, kwa sababu kuwakataza bila sababu hakusaidii.

Maji yakitazamwa jua likiwa juu yanarudisha asilimia 2 ya mwanga. Inaonekana kidogo. Miwani halali ya kupatwa kwa jua, yenye alama ISO 12312-2, hairuhusiwi kupitisha zaidi ya asilimia 0.0032. Gawanya 2 kwa 0.0032: beseni linakuletea jua kali mara 600 na zaidi ya kile kinachovumilika na jicho. Jua likiwa chini karibu na upeo ni baya zaidi, maji yanarudisha theluthi nzima au zaidi. Kutia wino, majivu au oili chafu hakubadilishi kitu, kwa sababu mwanga unaoumiza unarudi kutoka kwenye uso wa juu wa maji hata haujazama. Oili ndiyo inarudisha zaidi kuliko maji.

Retina, ile ngozi ya ndani ya jicho inayopokea mwanga, haina mishipa ya maumivu. Mtoto anaweza kukodolea macho dakika kadhaa akasema haumii, na kweli haumii. Baada ya saa kadhaa, au asubuhi yake, anaona doa katikati ya kila anachokitazama: uso wa mtu hauna pua, mstari wa daftari umekatika. Kwa baadhi linapungua baada ya wiki au miezi, kwa baadhi linabaki. Akiona dalili hiyo asipewe dawa ya matone ya dukani, apelekwe kliniki ya macho siku hiyo hiyo.

Visivyofaa vingine: miwani ya jua hata ikiwa nyeusi vipi, filamu za eksirei, kioo kilichofukizwa moshi wa koroboi, CD, na pakiti za vitafunwa zenye kung'aa kwa ndani. Vingi vinapunguza mwanga unaoonekana na kuacha miali isiyoonekana ipite, na hatari yake ni kwamba mboni inatanuka ikidhani ni giza.

Vioo vya mafundi wa kuchomelea vinafaa kwa sharti la namba. Namba 12 ndipo usalama unapoanzia, 14 ndiyo inayotazamika kwa raha. Vilivyojaa kwenye karakana ni 10 na 11, na hivyo vinapitisha kupita kiwango. Namba imechongwa pembeni ya kioo. Ikiwa haisomeki, usikitumie. Zile kofia za kisasa zinazojitia giza zenyewe pia hapana, zimetengenezwa kuitikia cheche ya kuchomelea na hazikuundwa kwa jua.

Ukipata miwani ya karatasi, ivae ndani ya nyumba mchana: usione kitu chochote, hata balbu ya kawaida iwe hafifu mno au isionekane kabisa. Kisha ishike mbele ya taa kali uangalie kama ina tundu au mkwaruzo. Yenye tundu ikatwe kwa mkasi ili mtoto asiiokote.

fundi_lenzi

Naunga mkono asilimia mia. Na shule haihitaji miwani hata moja. Kanuni ya kukumbuka ni 109: picha ya jua kupitia tundu dogo ina upana wa umbali uliogawanywa kwa 109. Mita 1 inakupa milimita 9.

Wengine wanayo tayari darasani bila kujua. Lile bati lenye tundu la msumari linaloleta kiduara cha mwanga sakafuni: paa likiwa mita 3 juu, na jua likiwa karibu na utosi, kiduara kina sentimita 2 na robo tatu. Tundu lina umbo lolote, limechanika hata pembetatu, kiduara ni duara. Ni picha ya jua lenyewe. Siku ya kupatwa kitamegeka pale pale sakafuni, na watoto watakiona wakiwa wamekaa kwenye madawati.

Cha kutengeneza: unganisha katoni mbili upate urefu wa mita 1. Upande mmoja kata dirisha la sentimita 3 kwa 3, bandika foili ya jikoni isiyo na mikunjo, toboa kwa pini tundu la milimita 1. Upande wa pili ndani bandika karatasi nyeupe. Pembeni karibu na karatasi kata pa kuchungulia. Mtoto analipa jua mgongo, boksi begani, tundu likielekea juani. Wengi hukosea kwenye tundu. La milimita 3 linaleta mwanga mwingi lakini ule mmego unafifia kingo. Lililochanwa kwa ncha ya kalamu linaleta picha yenye mikia. Toboa foili ukiwa umeilaza juu ya kadibodi ngumu, zungusha pini polepole.

Kwa darasa la watoto 80 boksi halitoshi. Chukua kioo kidogo cha kujitazamia, kifunike kwa karatasi yenye tundu la milimita 5, kiweke nje juu ya kiti, na kipandikize kwa udongo wa mfinyanzi ili kisitikisike. Rusha mwanga kupitia mlangoni hadi ukuta wa ndani. Mita 10 zinakupa jua la sentimita 9, mita 20 sentimita 18. Funika madirisha kwa mapazia au magunia. Picha inahama kwa upana wake wote kila baada ya dakika 2, kwa hiyo mtu mzima mmoja kazi yake iwe kukirudisha kioo. Kati ya kioo na ukuta asipite mtoto akageuka kukitazama kioo.

Agosti jua letu liko upande wa kaskazini, na mchana ule litakuwa kaskazini-magharibi, nyuzi 60 hivi juu ya upeo. Kioo kikae upande wa kusini wa jengo, mwanga uingie ukielekea kaskazini; pembe inakuwa ndogo na picha haiji mbilimbili. Ila ukuta wa mita 4 una kivuli cha zaidi ya mita 2 saa hizo, kwa hiyo kioo kikae angalau mita 3 kutoka ukutani.

Arusha tuna darubini nyingi za macho mawili, zile za madereva wa utalii. Ile ya 8 kwa 42, yaani inayokuza mara 8 na yenye lenzi ya milimita 42, ikifungwa kwenye stendi, lenzi moja imezibwa, inatupa picha ya karibu sentimita 4 kwenye karatasi iliyo nusu mita nyuma ya kitazamio. Picha kali, hata madoa ya jua yanaonekana yakiwepo. Ila izibe kila baada ya dakika 2 au 3, maana joto linajikusanya ndani na kuyeyusha plastiki na gundi ya lenzi. Mtu mzima asimame nayo muda wote. Jicho likiwekwa pale kwa kitambo kidogo tu linaharibika. Na miwani ya karatasi haivaliwi ukatazama kwa darubini. Lenzi inachoma ile filamu papo hapo.

Uwanda_wa_Hai

Wakuu msisahau mawingu. Mwanzoni mwa Agosti ni baridi, na asubuhi miteremko ya Kilimanjaro na Meru hufunikwa mawingu ya chini. Afadhali kwamba tukio ni mchana, kilele karibu na saa nane, wakati mara nyingi yamefunguka. Moshi mjini na Machame pakigoma, teremkeni uwanda wa Boma Ng'ombe hadi KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ni pakavu zaidi. Wa Arusha njia ya Longido. Amueni mapema asubuhi, kwa sababu ukingoja hadi saa saba mchana na basi la wanafunzi, umechelewa. Ni Jumatatu, kwa hiyo usafiri utafutwe kabla.

Na msiwaahidi watoto giza. Ukanda wa giza kamili uko Misri, Saudia, Yemeni na ncha ya Somalia. Huku ni kumegwa kwa sehemu, na jua likibakiwa na nusu tu mchana unaonekana wa kawaida kwa sababu macho yanajirekebisha. Wengi sokoni hawatajua kama kuna kinachoendelea. Saa kamili za Arusha na Moshi ziangaliwe tena wiki ya mwisho.

mwl_sayansi (Moshi)

Asanteni sana wakuu, nimeshaagiza ndimu na futi kamba. Swali la mwisho: mwezi utamega jua upande gani? Nataka watoto wachore utabiri kabla, kisha walinganishe.

Anga_Kaskazini (Arusha)

Wazo zuri mwalimu. Sisi tuko kusini mwa njia ya kivuli, kwa hiyo kwetu mwezi utapita upande wa kaskazini wa jua. Ukilielekea jua siku hiyo, kaskazini ni upande wa chini, ule wa kwenye upeo. Mmego utaanzia chini, utahamia kulia kadiri kilele kinavyokaribia, na utamalizikia kulia juu.

Kwenye karatasi iliyosimama ndani ya boksi, juu na chini vinageuka: mmego utaanzia juu. Kulia kutabaki kulia, kwa kuwa mtoto naye amegeuka na kulipa jua mgongo. Watoto wachore duara mbili kabla ya siku, moja ya angani na moja ya kwenye boksi. Picha ya kioo msiitumie kwa zoezi hili, mwelekeo wake unategemea kioo kimeinamishwa vipi.

Zoezi linakwama boksi likizungushwa katikati ya tukio, kwa hiyo chora mshale wa "juu" kwenye karatasi ya ndani, na kila baada ya dakika 10 mtoto mmoja afuate ukingo wa picha kwa penseli na kuandika saa.